Jetoni ya Baba

Tazama kwanza mkono wangu wa kulia, halafu ndiyo tuzungumze. Umeona? Kidole cha mwisho hakipo, na jirani yake naye hayupo. Hapa Durban watu wengi nimewaambia vilikatwa na mashine, na si uongo, ila kuna mashine na mashine. Leo nasema yote. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa.

Na usitegemee mambo ya usiku wa manane, paka mweusi na upepo. Niliyemwona, nilimwona saa nane mchana, siku ya Jumamosi, jua la Januari likiwaka mpaka chuma hakishikiki bila glavu. Sikuwa nimelewa, pombe niliiacha Zambia pamoja na mambo mengine. Alikuwa mtu mzima, ana kivuli, ana jasho. Hilo la kivuli nalisema mapema kwa sababu najua utaniuliza.

Mwaka ulikuwa 2012. Mimi nilikuwa na chumba mtaa wa Point, kwenye fleti kuukuu karibu na bandari. Mdogo wangu wa pekee, Furaha, alikuwa anasuka nywele katika saluni ya Mrundi mmoja mjini, na aliishi na mumewe Dezire ghorofa ya juu ya saluni hiyo hiyo. Sisi ni Wakongo wa Kalemie, Dezire ni wa Uvira. Nilikuwa nimemtafutia kazi pale nilipofanya mimi, yadi ya vyuma chakavu huko Queensburgh, kando ya reli. Kila asubuhi tulipanda taxi pamoja, yeye akiimba nyimbo za kanisani na mimi nikimwambia anyamaze. Nilimpenda, usidhani sikumpenda.

Sasa nikueleze juu ya baba, maana bila baba hakuna kisa. Kalemie ni mji wa ziwa na reli. Treni inaishia pale, mizigo inaingia melini. Baba yangu alifanya kazi ya manevre, yaani kupanga mabehewa: hili lije mbele, lile lirudi nyuma, hili lifungwe kwa lile. Injini za kazi hiyo ni fupi, nene, zina nguvu nyingi na magurudumu madogo. Hazisafiri. Kutwa nzima ni nenda rudi ndani ya stesheni. Na anayefunga mabehewa huingia katikati yao kwa miguu yake, mahali dereva hamwoni.

Kwa hiyo kila mfungaji alikuwa na jetoni, kibati cha shaba chenye namba yake na kulabu ndogo. Kabla ya kuingia katikati ya mabehewa au chini ya injini, unapanda kwa dereva na kuitundika kwenye mkono wa mvuke, ule wenzo anaouvuta ili injini iondoke. Ikishatundikwa, injini ni maiti. Jetoni haiguswi na dereva, haiguswi na mkubwa wa stesheni. Anayeitoa ni mmoja tu: aliyeitundika, kwa mkono wake mwenyewe, akishatoka chini mzima. Baba alikuwa akituambia mezani, "Jetoni ya mutu ni roho yake. Ukiigusa, umemuua." Alishawahi kumvunja dereva taya kwa sababu alisogeza tu jetoni ya mwenzake apate pa kuweka kikombe cha chai. Hasira kwetu ni za ukoo, sikuzianzisha mimi.

Baba alikufa wakati wa vita. Jetoni yake niliitoa Kalemie ndani ya soksi, nikapita nayo Zambia, Malawi na Msumbiji. Siku Dezire alipomwoa Furaha hapakuwa na mzee wa kumkabidhi bibi harusi. Basi mbele ya watu wa kanisa nilimpa Dezire ile jetoni, nikamwambia, "Baba haiko, lakini hii njo baba," yaani ndiyo baba. Dezire alilia mpaka suti ya kuazima ikalowa.

Pale yadi nilianzisha sheria ya baba. Tulikuwa tunakata malori, mabasi, mabehewa, na kila mwezi mtu aliumia kwa sababu mwenzake aliwasha kitu bila kujua yuko chini. Nikakata vibati vya chuma, kila mtu chake. Wenzetu walicheka: Mkongo ameleta hirizi. Kapita wetu, yaani msimamizi wa kazi, hakucheka. Alikuwa Mzulu mmoja mzee, tunamwita Baba Mkhize. Baba yake alifanya kazi bandarini. Alikishika kile kibati akakiangalia sana.

"Hawu," akasema. "Nani alikufundisha hii? Bandarini hapa walikuwa nayo pia."

Kuanzia siku hiyo ikawa lazima kwa wote. Dezire peke yake hakuhitaji kibati kipya. Alitumia jetoni ya baba.

Halafu ikaja ile injini. Ililetwa juu ya trela refu kutoka kiwanda kimoja cha sukari kaskazini, ikawekwa kwenye kipande cha reli kilichobaki ndani ya yadi. Niliipenda na kuichukia papo hapo, kwa maana ilikuwa ile ile ya Kalemie kwa umbo: fupi, nene, matangi ya maji ubavuni, bomba la moshi lisilo na madaha yoyote. Filimbi yake ilishaibwa zamani. Ndani ya jiko la makaa kulikuwa kumeota jani. Baba Mkhize alivua kofia alipoiona.

"Nyingine za aina hii nimezikata zote," alisema. "Hii ndiyo ya mwisho kwetu. Tuikate upesi."

Nilimuuliza kwa nini upesi. Akaenda zake.

Sasa Ijumaa ya juma hilo nilipita saluni kumsalimia Furaha. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, kitambaa kimeshuka usoni. Nikamwambia akiondoe, akakataa. Nikakiondoa mwenyewe. Jicho moja lilikuwa limefungwa kabisa, na alipofungua mdomo kuniambia ameanguka bafuni, jino la mbele halikuwepo. Niambie wewe, ni bafu gani linalompiga mtu ngumi?

"Kaka, usimuguse," akasema. "Niko na mimba. Miezi tatu. Ukimuua, huyu mutoto ataita nani baba?"

Nilimwahidi. Nikarudi Point nikakaa kitandani mpaka asubuhi, macho wazi, nikiliona lile pengo la jino.

Jumamosi kwenye taxi Dezire hakuimba. Shingoni alikuwa na alama tatu za kucha. Kazi ya Jumamosi huisha saa saba, lakini siku hiyo mwenye yadi alitaka magurudumu ya injini yawe yamefunguliwa ifikapo Jumatatu, kwa hiyo tulibaki watatu: mimi, Dezire, na Baba Mkhize aliyekuwa ofisini kule getini.

Dezire alipanda kwenye kibanda cha dereva akiwa na tochi yake ya gesi ya kukatia chuma. Akatundika jetoni ya baba kwenye mkono wa mvuke, vizuri, kama nilivyomfundisha.

"Shemeji, hauniongeleshi tangu asubuhi. Iko nini?"

"Ingia chini ufanye kazi."

Akaniangalia kidogo, kisha akashuka, akajipenyeza katikati ya magurudumu. Nikabaki peke yangu juu, nikikata mabomba. Niligeuka kuchukua miwani yangu, na pale kwenye sanduku la makaa alikuwa amekaa mtu.

Sikuogopa. Kwa nini niogope? Wazee wa reli huja kuaga injini zao. Wengine hupiga picha, wengine hulia. Huyu alikuwa amevaa ovaroli ya bluu iliyofuliwa mpaka ikapauka, kofia, na glavu za ngozi. Glavu ya kulia ilikuwa na vidole viwili vya mwisho vitupu, vimelala. Alinuka makaa ya mawe yaliyolowa maji.

"Unaikata?" akaniuliza.

"Kazi ni kazi, mzee."

"Iko ya mwisho?"

"Hapa kwetu, ndiyo."

Akapapasa ukuta wa boila, na mwenyewe akaanza kunihadithia. Alisema aina hii ya injini ililetwa na meli, vipande vipande, ikaungwa bandarini. Kuna injini, alisema, zilipewa majina ya wakubwa na zikaiona Johannesburg. Hizi zilipewa namba na gati. Maisha yao yote hazikwenda mbali kuliko sauti ya filimbi zao. Zilisukuma sukari, mahindi, makaa, ngozi za ng'ombe. Zilifanywa fupi ili zikate kona za gati, na magurudumu yakafanywa madogo ili ziwe na nguvu kwa mwendo wa mtu anayetembea. Wakati injini za umeme zilipochukua safari ndefu, hizi zilibaki bandarini. Injini za dizeli zilipokuja, zikauzwa kwenye viwanda vya sukari na machimbo ya makaa, na huko zikafanya ile ile nenda rudi mpaka zikachakaa.

"Na kila moja ilikula mutu," akasema. "Zingine bawili. Mwendo wake ni wa pole, njo maana. Treni ya mbio inakuua mara moja. Hii inakuua na wewe uko unaiangalia."

Akagonga boila kwa kifundo cha mkono.

"Hii ilikula rafiki yangu. Alikuwa chini, miye nilikuwa hapa juu. Tuligombana asubuhi."

"Juu ya nini?"

"Sikumbuke." Aliniangalia, macho mekundu. "Njo kitu inaniumiza. Sikumbuke hata kidogo."

Kisha akainama akatazama chini kupitia tundu la sakafu, mahali mwanga wa tochi ya Dezire ulikuwa ukimetameta.

"Na ule? Amekufanya nini?"

Niamini, sikuwa mtu wa kusema mambo ya nyumbani kwa mgeni. Lakini nilimwambia. Nilimwambia jicho, jino, mimba, ahadi niliyotoa. Nilipokuwa nikisema, yule mtu alikuwa anaitikia kwa kichwa polepole. Nilipomaliza alionyesha mkono wa mvuke.

"Ile jetoni ni ya nani?"

"Ya baba yangu."

"Kumbe. Basi anapiga binti ya baba yako, na baba yako njo anamulinda."

Nikaitazama ile jetoni ikining'inia, ile niliyoivusha mipaka minne ndani ya soksi.

"Sisemi umuue," aliendelea, kwa sauti ya upole kabisa. "Injini haina moto, haina maji, boila umeitoboa weye mwenyewe. Itaenda wapi? Chukua tu kitu yenu."

"Mbona wewe usichukue?"

Akanyoosha mkono wake wa glavu. Ulifika karibu na jetoni, ukasimama hapo, ukashindwa kuendelea. Akaurudisha.

"Miye siruhusiwe tena," akasema.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeshuka akakimbia. Mimi nilinyoosha mkono. Utaniuliza kama nilijua. Kwa akili nilijua chuma kile hakiendi popote. Lakini moyo wangu, wakati vidole vinaigusa ile kulabu, ulitaka kiende. Hilo ndilo ninaloungama kwako leo, na sijaliungama hata kwa mchungaji.

Nikaitoa.

Yule mtu alishusha pumzi ndefu. Kisha nikasikia joto miguuni. Lile jani lililoota ndani ya jiko lilijikunja likawaka, na nyuma yake makaa, mekundu, mengi, jiko zima, mahali ambapo dakika moja kabla palikuwa na kutu. Mvuke ukapiga kelele kwenye matundu niliyoyatoboa mwenyewe. Filimbi ikalia. Nakwambia filimbi haikuwepo, ilishaibwa, na ililia mpaka masikio yakaniuma. Yule mtu akasimama, akaushika mkono wa mvuke kwa mikono miwili, akauvuta kana kwamba ndiyo kazi yake ya kila siku.

Injini ikasogea.

Kabari za mbao tulizoweka mbele ya magurudumu zilipasuka moja baada ya nyingine. Chini Dezire aliita jina langu mara moja, kwa sauti ya kawaida, ya kuuliza. Mara ya pili haikuwa sauti ya kawaida.

Nilimrukia yule mtu. Nilimpiga ngumi ya uso, na uso wake ulikuwa mgumu na wa moto; ngozi ya vifundo vyangu ilibaki pale. Akachukua koleo la makaa akanipiga nalo mbavuni, nikasikia kitu ndani kikivunjika, akanipiga tena begani. Nilimng'ata sikio. Mdomo ulinijaa ladha ya masizi. Tulianguka kwenye sakafu ile iliyokuwa ikitetemeka, yeye juu yangu, akinikaba kwa kigasha na kunisukuma kichwa kuelekea mlango wa jiko mpaka nywele zikaanza kuungua. Na wakati wote huo hakuwa amekasirika. Alikuwa analia.

"Acha iishe," alikuwa akisema. "Kaka, acha iishe, karibu itaisha."

Chini Dezire alikuwa akipiga kelele moja isiyokatika. Katika kelele ile nilisikia mtoto ambaye hajazaliwa. Utasema ni mawazo yangu, sawa, yawe mawazo yangu. Nilimpiga goti yule mtu, nikainuka, nikashika mkono wa mvuke. Ulikuwa umewaka. Niliusukuma kwa mkono wa kushoto huku ule wa kulia ukitafuta pa kutundika jetoni, na kulabu ikakataa, ikateleza, ikakataa tena. Nikaingiza vidole ndani ya meno ya chuma yanayoshika ule wenzo, nikaipachika kwa nguvu, na wenzo ukarudi na kufunga. Vidole viwili vilikuwa bado ndani.

Injini ikasimama. Moto ukazimika mara moja, hata moshi haukubaki. Lile jani lilikuwa mahali pake, kijani kibichi.

Nilikuwa nimepiga magoti, nikitazama mkono wangu bila kuelewa. Yule mtu alisimama mbele yangu akitazama wake. Glavu yake ya kulia ilikuwa imejaa. Vile vidole viwili vitupu vilikuwa na nyama ndani, na alikuwa akivikunja na kuvikunjua, taratibu, akishangaa.

"Aksanti, kaka," akasema. "Nilikungojea sana."

Akashuka, akatembea katikati ya malori yaliyokatwa, akaelekea getini. Baba Mkhize alikuwa anakuja akikimbia kutoka getini, na wakapishana bega kwa bega. Baba Mkhize hakugeuka hata kumtazama.

Sitakueleza sana tuliyoyakuta chini. Gurudumu lilikuwa limepanda juu ya mguu wa Dezire na kusimama hapo hapo, juu kidogo ya goti. Tuliinua kwa jeki mbili. Nilimfunga paja kwa mshipi wangu, nikivuta kwa meno kwa sababu mkono mmoja ulikuwa haufanyi kazi. Damu yake na yangu zilichanganyika kwenye changarawe, usingejua ipi ni ya nani. Hospitali waliumalizia ule mguu. Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Dezire alisikia, akaitii sheria ya baba yangu, na guu lililokatika ni lake.

Walioandika ripoti walisema kabari zililegea na injini ikateremka yenyewe. Jumatatu nilirudi yadi na bandeji, nikamkuta Baba Mkhize amechuchumaa kwenye ile reli. Aliweka nati juu yake. Nati ikabingirika kuelekea getini.

"Reli inateremkia huku," akasema. "Injini ilikwenda kule, ukutani. Ilipanda, mfowethu, ndugu yangu." Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Alikuwa na glavu?"

Ndipo akanieleza. Zamani za baba yake, pale Point, wafanyakazi wawili marafiki waligombana. Mmoja akaingia chini ya injini, na mwenzake aliyekuwa juu akaitoa jetoni yake, pengine kumtisha tu. Injini ikaondoka. Yule wa juu alijaribu kuirudisha, akakatwa vidole viwili, akachelewa. Rafiki yake alikatwa vipande viwili. Wiki hiyo hiyo yule wa juu akajitupa chini ya injini nyingine ya aina hiyo hiyo. Na kila injini ya aina hiyo iliyokatwa pale yadi, kuna mtu aliyemwona akizungukazunguka, lakini kwenye zile injini hakukuwa na jetoni yoyote ya kuomba itolewe. Mpaka mimi nilipozileta.

"Alikuwa mtu wa wapi?" nikauliza.

"Wa hapa. Mzulu. Hakuwahi kutoka bandarini."

Sikumwambia kwamba mimi alinisemesha Kiswahili cha Kalemie, kile kile cha mezani kwa baba.

Sasa sikiliza yaliyobaki, maana haya ndiyo yanayoniua. Dezire anaamini nilimwokoa. Alikuwa chini, hakuona. Alisikia tu vurugu juu, halafu injini ikasimama, halafu akaniona nikishuka bila vidole. Kanisa zima linajua kwamba nilitoa vidole vyangu kwa ajili ya shemeji yangu. Dezire hajamgusa Furaha tena tangu siku ile. Alimwomba msamaha hospitalini, mbele yangu, akilia kama siku ya harusi. Mtoto alizaliwa Julai, wa kiume, na Dezire akampa jina langu. Kila Jumapili nakula kwao. Dezire anachechemea na magongo yake mpaka mezani, ananichagulia kipande kizuri cha nyama, anasema, "Kula, mukombozi wangu." Na mimi nakula.

Furaha ni mtoto wa baba yule yule. Siku ya kwanza hospitali alinikuta kwenye korido, akatazama bandeji, akatazama jetoni iliyokuwa kwenye kiganja changu cha kushoto.

"Ilikuwa wapi?" akauliza.

"Kwenye mkono wa mvuke."

"Jetoni ya baba ilikuwa kwenye mkono wa mvuke, na injini ikatembea."

Hakusema kama swali. Nikaifumba ile jetoni kiganjani. Mpaka leo hajauliza tena, na sahani yangu ananiwekea mbele bila kunitazama usoni. Amemzaa mtoto mwenye jina langu na hamwiti kwa jina hilo hata siku moja. Anamwita Baba.

Kazi ya yadi niliacha. Sasa nalinda magari mjini, mkono ndani ya glavu ili nisiwatishe watu, vidole viwili vya glavu vimelala vitupu. Mwaka jana tulimpeleka mtoto kwenye bustani moja ambako wameweka injini ya aina ile, imepakwa rangi vizuri, watoto wanaipanda. Mimi nilibaki nje ya uzio. Niliangalia kile kibanda cha dereva muda mrefu. Hakukuwa na mtu ndani. Nafasi ilikuwa wazi, na miguu yangu ilitaka kwenda.

Na kuna jambo jingine. Juzi nilijaribu kulikumbuka lile jino la Furaha, lilikuwa la upande gani. Nilikaa hapo kwenye magari mpaka jua likazama na sikulipata.

Kwa hiyo onyo langu ni hili, na usilichukulie mchezo. Kitu mtu alichokitundika ili kulinda roho yake usikiguse, hata kama mtu mwenyewe ni mbaya, hata kama kitu ni cha baba yako. Na mimi nikishakufa, ukiwa peke yako karibu na injini moja fupi, nene, yenye matangi ubavuni, ukamwona mtu mwenye glavu ya vidole viwili vitupu, na mtu huyo akakuuliza kwa upole ni nani aliyekukosea, hata kama ni sauti yangu hii unayoisikia sasa, hata kama nitalia, usinijibu. Geuka uende nyumbani.